Rambirambi zimetugawa: je, wakikumbatiana mbele ya jumuiya itatosha?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa jumuiya yenye kaya 22, tunasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi saa 12 asubuhi. Mwaka jana mzee mmoja wa jumuiya alifiwa na baba yake, tukakabidhi rambirambi shilingi 420,000. Miezi mitatu baadaye mama mmoja alifiwa na mama mkwe ambaye alikuwa akimuuguza nyumbani kwake, tukakabidhi 150,000. Mimi ndiye niliyesoma viwango vyote viwili mbele ya waombolezaji. Yule mama aliuliza kwenye kundi la WhatsApp kwa nini imekuwa hivyo. Mhazini akamjibu kwa ujumbe wa sauti wenye ukali, mama akajitoa kwenye kundi. Sasa hawasalimiani, hata siku ya Meza ya Bwana kila mmoja anaangalia upande wake. Jumamosi tunafika nyumba saba au nane tu, na zamu ya kupokea jumuiya watu wanaikwepa. Wazee wamependekeza tuwaite wote wawili mbele ya jumuiya waombane msamaha, wakumbatiane, yaishe. Wengine wanasema heri tuigawe jumuiya ziwe mbili. Tufanye lipi?"

Amina, ndugu katibu. Naona uchungu ulio ndani ya swali lako, nami nitakujibu wazi. Msiwaite mbele ya watu sasa, wala msiigawe jumuiya sasa. Anzeni na daftari la mhazini. Najua inasikika kama jibu la mhasibu kwa swali la kiroho, kwa hiyo vumilia nieleze.

Ugomvi wenu ulizaliwa kwenye mgao. Kanisa la Yerusalemu lilipitia jambo hilihili katika Matendo sura ya 6: wajane wa upande mmoja, wa Wayahudi wa Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Angalia mitume walivyofanya. Hawakusema wanung'unikaji wana roho mbaya. Hawakuitisha ibada ya kuombea umoja na kuacha mgao ulivyokuwa. Walichukulia kwamba malalamiko hayo ni habari ya kitu kilichokosewa, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kusimamia jambo hilo. Na majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, yote ni majina ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Habari hiyo inafungwa kwa kusema kwamba neno la Mungu likaenea. Hatusomi kwamba mtu alilazimishwa kumkumbatia mwenzake.

Hata lugha yetu yenyewe inatukumbusha. Neno "ushirika", ambalo wengi wetu tunalisikia kama hali ya moyo, lina mzizi mmoja na kushiriki, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema waumini wa kwanza walikuwa na "vitu vyote shirika". Vitu: mkate, fedha, mashamba yaliyouzwa. Vitu vikigawanywa kwa namna isiyoeleweka, mioyo haiwezi kukaa sawa kwa kuhimizwa tu, na mahubiri ya umoja kila Jumapili humfanya aliyeumizwa aone kwamba anasemwa yeye.

Sasa fungua daftari. Ile 420,000 ilitoka wapi? Katika jumuiya nyingi kiasi kinachosomwa msibani ni mchanganyiko: kuna fedha za mfuko wa jumuiya, kuna michango iliyopitishwa siku ile, kuna bahasha za marafiki walioona waunganishe na wenzao. Mzee wa kanisa anajulikana na wengi, amezika na wengi, basi bahasha zake ni nyingi. Mama aliyekuwa amejifungia ndani miezi kadhaa akiuguza hajaonekana kwenye misiba ya wengine, basi zake ni chache. Huenda mfuko ulitoa 100,000 kwa kila mmoja, na tofauti yote ni ya mifuko ya watu binafsi. Lakini ukisimama na kusema "jumuiya imetoa laki nne na ishirini", halafu miezi mitatu baadaye "jumuiya imetoa laki moja na nusu", msikilizaji hana njia ya kujua hilo. Anachosikia ni bei mbili za ndugu wawili.

Na mtu asipopewa sababu, hutafuta yake mwenyewe. "Ni kwa kuwa yule ni mzee." "Ni kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja." "Ni kwa kuwa alikuwa mama mkwe tu." Sababu hizo hupelekwa kwa jirani, jirani akaongeza yake aliyoiona mwaka juzi, na ndani ya mwezi mmoja jumuiya ina pande mbili ambazo hazikugombana lolote kati yao. Hicho ndicho kilichowapunguza kutoka kaya 22 hadi saba. Wengi wa wasiofika hawamchukii mtu. Wamechoka kukaa kwenye chumba ambamo inabidi uchague utaketi karibu na nani.

Ikiwa daftari litaonyesha kwamba ni mfuko wenyewe uliotoa viwango tofauti bila utaratibu wowote, basi mama ana haki, na mseme hivyo. Tofauti ilipwe. Msiipeleke kama hisani, ipelekeni kama deni la jumuiya, hata kama ni kwa awamu mbili au tatu. Zakayo alipotubu alitaja fedha na akataja kiwango cha kurudisha. Ikiwa daftari litaonyesha mfuko ulitoa sawasawa, kosa lenu ni la kutangaza, na hilo nalo ni kosa. Na ikiwa hakuna daftari linaloeleweka, mmeshapata chanzo cha matatizo yenu yote.

Baada ya hapo andikeni utaratibu, ukurasa mmoja unatosha. Pigeni hesabu kwa kaya zinazotoa kweli, maana zilizoandikwa huwa ni nyingi kuliko zinazotoa. Tuseme mmekubaliana shilingi 2,000 kwa mwezi na kaya 18 ndizo hutoa: hiyo ni 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Mkiandika 70,000 kwa msiba na 20,000 kwa mgonjwa aliyelazwa, basi misiba minne na wagonjwa watano ni 380,000, na mnabaki na 52,000 za dharura. Mkiandika 150,000 kwa msiba kwa sababu inapendeza kusikika, misiba miwili itakula 300,000, wa tatu utawakuta hamna cha kutosha, na aliyefiwa wa tatu ndiye atakayekuwa mama wenu wa mwakani. Kiwango kidogo kinacholipwa kwa kila mtu hulinda amani kuliko kiwango kikubwa kinacholipwa kwa bahati.

Katika ukurasa huo andikeni pia ni msiba wa nani unaohesabika: mume au mke, mtoto, mzazi, mkwe, na yeyote anayeishi na kutunzwa ndani ya kaya. Hilo la mwisho msilisahau, kwa sababu ndipo mlipomkwaza huyu mama. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, wote watie sahihi, na daftari lisomwe mbele ya jumuiya kila miezi mitatu. Msibani katibu asome fedha ya mfuko peke yake. Bahasha za watu binafsi zikabidhiwe kwa wafiwa kimyakimya pamoja na orodha yake.

Utasikia wengine wakitaka muongeze sharti kwamba asiyechanga hasaidiwi. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa sababu wanaochanga kila mwezi huchoka kubeba wasiochanga. Lakini sharti hilo ni la chama cha kufa na kuzikana, na huko ni halali kabisa. Jumuiya ikiliweka, mjane asiye na 2,000 ndiye wa kwanza kuachwa, na hapo mmegeuza Matendo 6 kichwa chini. Mkihitaji chama, kianzisheni pembeni chenye katiba na akaunti yake, mtu ajiunge kwa hiari. Mfuko wa jumuiya ubaki sadaka, mdogo na sawa kwa wote.

Nimekaa sana kwenye fedha kwa sababu ndipo mahali panaporukwa. Sasa watu wenyewe.

Wengi hunukuu Mathayo 18, inayoeleza namna ya kumwendea ndugu aliyekukosea, na ni vizuri, ila huianzia katikati. Hatua ya kwanza pale ni "wewe na yeye peke yenu". Mbele ya kanisa ni hatua ya tatu, inayofika tu mbili za kwanza zikishindikana. Wazee wenu wanataka kuanzia ya tatu. Kumwita mtu mbele ya watu kabla hajasikilizwa faraghani humpa njia mbili tu: kukataa, aonekane mgumu wa moyo, au kukubali kwa midomo. Wengi hukubali. Mnapiga makofi, mnaimba pambio, na Jumamosi inayofuata haji. Mkija kumuuliza, mlango wa kusema ukweli umeshafungwa, kwa kuwa "alishasamehe" mbele ya mashahidi ishirini.

Kwa hiyo mama aendewe kwanza, kwake, na mtu mmoja au wawili anaowaamini. Wewe usiwe mmoja wao safari ya kwanza. Ulisoma viwango, kwa hiyo umo ndani ya jambo hili, hata kama hukukusudia. Paulo alipowasihi Euodia na Sintike huko Filipi wawe na nia moja, hakuwaachia wao peke yao. Alimwomba mtu wa tatu, "mjoli wa kweli", yaani mtumishi mwenzake, awasaidie. Mtafuteni mjoli wenu: mama mtu mzima anayetunza siri, asiyekuwa upande wa mtu.

Akifika, asianze na aya ya kusamehe. Na ya kuangalia sana ni sala ya kufungua. Mgeni ameketi, chai imemiminwa, wanainamisha vichwa, anaomba: "Bwana, mwondolee dada yetu roho ya uchungu." Sala hiyo imeshatoa hukumu. Mama amefumba macho, na tayari amejua kwamba huyu naye ametumwa. Aombe tu Bwana awasaidie kusikilizana, kisha aulize na kunyamaza: ilikuwaje, tangu mwanzo? Katika yote, nini kilikuuma zaidi? Kitu gani kikifanyika utaona umetendewa haki? Asimkatize, asimtetee mhazini. Mwishoni amrudishie kwa maneno yake alichosikia, aulize kama amesikia sawa, na aombe ruhusa ya kile anachoweza kumfikishia mwenzake.

Msishangae jibu la swali la pili likiwa mbali na fedha. Mtu aliyemgeuza mgonjwa kitandani usiku kwa miezi, kisha akamzika, ana uchovu na majonzi ambayo hayajapata pa kutokea. Inawezekana kabisa kwamba kinachomuuma ni kwamba katika siku zote za kuuguza hakuna aliyekuja kumpokea hata saa mbili alale, na zile 150,000 zilikuja kuthibitisha alichokuwa akikihofia.

Mhazini naye aendewe vivyo hivyo, siku nyingine. Msimfanye mwovu wa hadithi. Mtu anayetunza fedha za wenzake bila malipo, akiulizwa hadharani "kwa nini imekuwa hivyo", husikia "umekula". Alijibu kama anayetetea jina lake. Hilo halihalalishi ukali wake, ila linaeleza kwa nini mtu mpole anaweza kutoa sauti ile. Ule utaratibu wa watu wawili kuhesabu na kutia sahihi utamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Wakishasikilizwa wote, na daftari likiwa limefunguliwa, ndipo wakutane: wao wawili na mjoli wao, nyumbani kwa mtu wa tatu, si ofisini kwa mchungaji na si kwa mmoja wao. Saa moja na nusu itatosha. Kila mmoja aseme mwenzake akiwa kimya. Zikija toba, ziwe na jina la kosa. "Kama nimekukosea, nisamehe" ni maneno tuliyoyazoea sana, lakini hilo "kama" linamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Afadhali: "Nilikutumia sauti ile mbele ya watu wote, siku chache baada ya kuzika. Nilikosea. Haikustahili." Maneno machache tu, hayana kichaka cha kujifichia. Wewe nawe uwe na yako, na ningependa uyaseme kabla ya mtu yeyote: "Nilisoma viwango bila kueleza vilitoka wapi, nikakuaibisha kwenye msiba wako."

Hapa kuna dhana inayowatesa Wakristo wengi, kwamba ukisamehe yote hurudi kama zamani siku hiyohiyo. Kusamehe ni kuachilia deni, na mtu anaweza kufanya hivyo hata leo. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kuaminiana hurudi polepole, kwa kuona daftari likisomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kasoro. Mama akisema "nimesamehe, ila naomba muda kabla sijarudi kwenye kundi", msimhesabie kuwa hajaokoka vizuri.

Je, hadharani pasiguswe kabisa? Paguswe, ila mwishoni na kwa kiasi cha kosa. Sauti ilisikika na kundi zima, basi mhazini aandike hapohapo mistari miwili au mitatu ya kujirekebisha, na mama awe ameikubali kabla haijatumwa. Nawe ueleze viwango kwa usahihi Jumamosi. Hadi hapo, wekeni kundi la WhatsApp katika hali ya wasimamizi pekee kutuma: matangazo, zamu, wagonjwa. Najua wazee wanaopenda toba ya wazi wana kumbukumbu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi, ambako watu walitubu waziwazi na kuambiana ukweli. Ni urithi mwema. Lakini waliotubu kwa kweli walirudisha pia vitu walivyoiba na kwenda nyumbani kwa waliowakosea. Toba ya mdomo ilikuwa na miguu. Na uwazi wa kulazimishana ulileta nao mipasuko yake, maana wengine walipimwa wokovu kwa kiasi walichosema mbele za watu.

Kuhusu Meza ya Bwana, usimzuie mtu. Hilo ni la mchungaji. Mkumbushe tu aliye tayari kusikia kwamba Mathayo 5 inamwambia mtoa sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane. Na lile onyo la 1 Wakorintho 11 la kula isivyostahili, ambalo hutumika kuwatisha wenye ugomvi, lisome kuanzia aya ya 17. Paulo anawakemea wenye navyo waliotangulia kula na kushiba, huku wasio na kitu wakibaki na njaa na kutahayarika. Agizo lake ni la kawaida kabisa: mngojane.

Hilo linanirudisha kwenye zamu zinazokwepwa. Chunguza kilichokuwa kikiandaliwa. Mwenyeji wa kwanza chai na mihogo, wa pili akaongeza maandazi na mayai, wa tatu supu, wa nne soda kwa kila mtu. Mwenye chumba kimoja anapohesabu watu ishirini na kitu anaona bora asafiri Jumamosi hiyo. Wekeni kikomo kinacholingana na kaya iliyo chini kabisa: chai na kitafunwa kimoja, kwa wote, hata kwa mwenye uwezo. Viti vinavyopungua viletwe na majirani. Mkiona zamu zinarudi, mahudhurio nayo yatafuata.

Kuigawa jumuiya si dhambi. Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Marko, na miaka baadaye ni Paulo huyohuyo anayeagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kaya 22 zinakaribia ukubwa ambao sebule haitoshi na mgonjwa anaweza kusahaulika, kwa hiyo siku moja mtagawana. Lakini mkigawana leo, mstari utapita kati ya wafuasi wa mama na wafuasi wa mhazini, na watoto wenu wataurithi bila kujua chanzo. Ngojeni miezi sita baada ya kupatana, kisha mgawane kwa mtaa au kwa barabara.

Kuna hali ambazo haya yote hayatoshi, na mnapaswa kutafuta msaada nje ya jumuiya, ana kwa ana. Fedha zikionekana zimepotea, msichunguzane wenyewe. Pelekeni daftari kwa mchungaji na baraza la wazee wa usharika. Mchungaji akiwa upande mmoja wa ugomvi, ombeni msuluhishi kutoka ngazi ya juu yake. Mama akiwa halali, hali, au anasema hana sababu ya kuishi, apelekwe hospitali na asiachwe peke yake, hata kama anaombewa. Na ikiwa katika kusikilizana litajitokeza jambo la kupigwa nyumbani au mtoto kudhulumiwa, Mathayo 18 isitumike kumrudisha aliyeumizwa akae "peke yao" na aliyemuumiza. Hilo ni la polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au ustawi wa jamii. Kwa mtoto, hapa Tanzania namba 116 hupokea simu.

Wiki hii usifanye mengi. Mwombe mhazini mkae naye pamoja na mtu wa tatu, muiandike upya misiba yote miwili kwa mistari miwili miwili: mfuko ulitoa kiasi gani, watu binafsi walitoa kiasi gani. Mpe mjoli wenu karatasi hiyo aende nayo kwa mama, pamoja na kilo ya sukari, na asiifungue mpaka amalize kusikiliza.